Kiyoyozi cha joto na baridi, baada ya Julai mbili

Mama alihamia kwangu kutoka Tudor, Mombasa, mwezi wa Juni mwaka juzi, magoti yakiwa tayari yanamsumbua. Naishi Nairobi, karibu na Dagoretti Corner, orofa ya juu kabisa, mabati juu na dari nyembamba chini yake. Februari nyumba inachoma. Julai vigae vya sakafu vinatoa baridi inayopanda hadi kwenye mifupa, na asubuhi kipimajoto cha ukutani kinasoma 15 humo humo ndani. Kwa mtu aliyezeekea Mombasa hiyo ni adhabu.

Wiki ya kwanza aliomba tumwingizie jiko la makaa chumbani. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia za watu waliolala wasiamke. Nikamnunulia hita ya waya ya wati 2,000. Ilimchoma miguu ikamwacha mgongo baridi, na tokeni zikaisha katikati ya wiki.

Nilipomwambia nimelipia kiyoyozi, alinitazama kwa huzuni. "Mwanangu, mimi nalia baridi, nawe waniletea ei-si?" Kwa mtu wa Pwani kazi ya ei-si ni moja, kupoza. Hata majirani zangu wa Nairobi hawakujua kwamba zipo zinazofanya yote mawili. Dukani uliza hasa kama ina joto, kisha ushike rimoti mwenyewe utafute alama ya jua, kwa sababu nyingi zinazouzwa hapa hupoza tu. Yangu ni ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya mashine), ya inveta, yaani kompresa yake, ile pampu inayogandamiza gesi, hupunguza kasi chumba kikishafika pale unapotaka badala ya kuzima na kuwaka kila mara.

Fundi mmoja ndiye aliyemwelewesha Mama, kwa friji ya jikoni. "Mama, weka mkono huku nyuma. Hili joto limetoka wapi? Limetoka kwenye maziwa yako." Mama akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe yachota." Neno hilo limebaki nyumbani kwetu, na silioni bora zaidi. Kiyoyozi hiki nacho kinachota, ila kina vali inayogeuza mwendo wa gesi. Februari koili ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa ndani ya mashine ya sebuleni, ndiyo baridi: inachota joto la sebule, linaenda kumwagwa nje. Julai vali inageuka, koili ya nje ndiyo inayochota, kompresa inaigandamiza gesi hadi inapata moto, na joto linamwagwa kwetu. Utauliza hewa ya alfajiri, nyuzi 11, ina joto gani la kuchotwa. Gesi ya R32 iliyo ndani ya mashine yangu, katika presha ya kawaida ya hewa, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri. Kwake yeye asubuhi ya Julai ni jiko lililokolea. Maji nayo yanakuonyesha: Februari yanadondoka kutoka bomba la mashine ya ndani, Julai yanadondoka chini ya ile ya nje, maana upande ulio baridi ndio unaotoka jasho, kama chupa ya soda.

Kwa sababu joto linachotwa tu, umeme unaotumika ni wa kuendesha kompresa na feni. Nilisoma mita jioni kadhaa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku. Hita ya waya peke yake ilikula uniti 8. Kiyoyozi kikiwa kwenye 21 kilikula kati ya 2 na 3, na sebule nzima ilikuwa na joto, hata kona ya dirishani anakoketi Mama na tasbihi yake.

Sasa uchungu wangu. Duka lilinitumia fundi wa kufunga aliyemaliza kazi kwa saa moja na nusu. Hakuwa na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba. Alifyatua gesi kidogo ili hewa itoke, akakaza nati, akaenda zake. Wiki ya tatu, katikati ya Julai, mashine ikaanza kupuliza hewa vuguvugu na koili ya nje ikaota barafu upande mmoja. Duka lilinizungusha kwa simu siku tisa, na siku hizo zote Mama alilala na soksi mbili na chupa ya maji moto. Yule fundi aliyemwelewesha Mama kwa friji nilimtafuta mwenyewe. Alinionyesha doa la mafuta chini ya nati ya bomba la shaba, akapaka povu la sabuni ya vyombo, na tukaona mapovu madogo yakivimba moja baada ya jingine. Alikata ncha ya bomba, akaitanua upya, akajaribu kwa naitrojeni kama bado inavuja, akanyonya hewa nusu saa nzima, ndipo akapima gesi mpya kwenye mizani. Usimlipe fundi kabla hujaiona pampu ile ikifanya kazi. Na mashine iwe na breka yake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme.

Ukiiwasha kwenye joto, dakika chache za mwanzo haipulizi kitu. Inangoja koili ipate moto isije ikakupulizia baridi. Mama alidhani imekufa. Elekeza vibao vyake chini inapotoa joto, kwa kuwa hewa moto hupanda darini, na juu inapopoza. Hewa ya chumba hukausha koo. Sisi tunaweka sufuria ya maji. Vichujio naviosha kila mwezi, na vumbi la barabara yetu hujaa kweli.

Februari naiweka kwenye 24, mchana tu, na sina la kulalamika. Umeme ukipotea, tunarudi kwenye mablanketi.

Magoti ya Mama bado yanauma, lakini asubuhi anaamka na kwenda jikoni mwenyewe kuchemsha chai, jambo ambalo Julai ile ya kwanza, kabla ya mashine, hakuliweza. Nadunduliza ninunue ya pili, BTU 9,000, ya chumba chake cha kulala. Ukuta wa kuifunga nimeshaupima, upande wa barabarani, isije ikamwagia maji nguo za jirani wa chini. Fundi atakuwa yule yule wa sabuni.