Glaida ya roketi: inayoachia injini au inayoshuka nzima?

Zote mbili ni ndege ndogo za mfano: hupaa kwa injini ya baruti na kurudi chini zikielea kwa mabawa. Tofauti inaanza juu, moshi unapokatika.

Ya kwanza hubeba injini kwenye kijibomba puani. Chaji ya mwisho (mlipuko mdogo injini inapomaliza kuungua) ikilipuka, kijibomba huchomoka na kushuka na utepe wake. Glaida, sasa nyepesi, huanza kuelea. Ujenzi ni balsa (mbao nyepesi sana), gundi na msasa, basi. Ubaya: ndoano inayoshika kijibomba ikinasa, vyote huporomoka pamoja. Na kusi ikivuma pale Kigamboni, utakimbiza vitu viwili.

Ya pili haiachii kitu. Lakini uzito wa injini tupu unabaki, kwa hiyo kwa kawaida umbo hubadilika: chaji inaunguza uzi, mpira unavuta, mabawa yanafunguka. Raha kuitazama! Bawa likigoma, inakuja kama mshale.

Kwa anayeanza Dar, mimi nachagua ya kwanza, na injini ya daraja A (msukumo wake wote hauzidi newtoni-sekunde 2.5), asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Suala la kibali cha baruti limalize kwanza. Na kwa unyevu wetu huu, paka vanishi nyembamba pande zote za bawa. Ukipaka upande mmoja tu, litapinda.