Albamu za Ibrahim Ferrer: uanze kununua ipi?

Ukitaka bolero ya Kuba, yaani nyimbo za mapenzi za taratibu, nyumbani kwako na mfuko unaruhusu albamu moja tu, nunua ile ya 1999 ya mwimbaji wa Kuba, Ibrahim Ferrer, Buena Vista Social Club Presents Ibrahim Ferrer. Mimi nimeinunua mara tatu. CD mbili nilizigawa kwa watu ninaowapenda, santuri nimebaki nayo. Nyingine nazipanga kwa kuangalia mambo mawili tu: bolero zimo kiasi gani, na sauti ya mzee imesimama vipi.

Kupanga hivyo kuna sababu. Ferrer alizaliwa tarehe 20 Februari 1927 huko San Luis, karibu na Santiago de Cuba, mji ulioizaa bolero katika karne ya 19. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12, akaingia mitaani kuuza peremende na bisi. Baadaye aliimba miaka mingi na Los Bocucos, bendi ya Pacho Alonso, lakini alipewa nyimbo za kuchezesha watu. Bolero alinyimwa, akiambiwa sauti yake haifai. Kufikia 1996 alikuwa ameshaacha muziki na anang'arisha viatu Havana, ndipo mwanamuziki Juan de Marcos González akamfuata na kumpeleka studio za EGREM, kampuni ya rekodi ya serikali ya Kuba, kurekodi na wakongwe wa kundi la Buena Vista Social Club. Kwa hiyo kila bolero aliyorekodi baada ya hapo naisikia kama deni la miaka mingi linalolipwa.

Katika hiyo ya 1999 deni linalipwa kwa noti mpya. Rubén González yuko kwenye piano, fidla zinapanda taratibu nyuma, na mwimbaji hana haraka hata kidogo. Sikiliza "Silencio" ya Rafael Hernández, anayoimba na mwimbaji wa kike Omara Portuondo. Maneno yanasema maua ya bustanini yamelala, na mwimbaji hataki yajue huzuni yake, maana yakimwona analia yatakufa. Ferrer anaanza chini kabisa, karibu kunong'ona, kama mtu aliyesimama penye maua hayo usiku na kuogopa kuyaamsha. Portuondo anapoingia, Ferrer hapandishi sauti kushindana naye, anampisha. Kwenye filamu ya Wim Wenders kuhusu kundi hilo la Buena Vista utamwona Ferrer jukwaani akimfuta machozi mwenzake baada ya wimbo huo. Humo humo imo "Bruca Maniguá" ya Arsenio Rodríguez. Si bolero, lakini msomaji wa Kongo atashtuka kusikia neno "mundele", lile lile la Kilingala na Kikongo kwa mzungu, likiimbwa na Mkuba.

Ya pili ni Mi Sueño, iliyotoka baada ya yeye kufariki Havana tarehe 6 Agosti 2005, akiwa na miaka 78. Hii ndiyo albamu ya bolero aliyoitamani maisha yake yote. Sauti imechoka, pumzi zinasikika, na Roberto Fonseca anapiga piano kwa adabu ya kijana anayemsindikiza babu yake ngazini. Kama unataka bolero tupu, igeuze iwe ya kwanza; sitakugombeza. Mimi naiweka ya pili kwa sababu napenda kumsikia akiwa bado na nguvu.

Ya tatu ni Buena Vista Social Club yenyewe, ya 1997. Nyimbo ziko 14 na waimbaji ni kadhaa, kwa hiyo Ferrer utampata kidogo, ila "Dos Gardenias" ya Isolina Carrillo imo, na "Murmullo" pia. Ukikuta toleo la miaka 25, lililotoka 2021, chukua hilo, lina rekodi ambazo zilikuwa hazijatolewa.

Buenos Hermanos ya 2003 naiweka mwisho, ingawa ilishinda Grammy, tuzo ambayo Ferrer hakwenda kuipokea kwa sababu Marekani ilimnyima viza. Imechangamka zaidi, ina kodiani na waimbaji wa injili wa Blind Boys of Alabama. Ni nzuri kwa nyumba yenye wageni.

Jihadhari na CD za mkusanyiko zenye picha yake ya uzeeni, kofia kichwani, huku ndani zimejaa rekodi za zamani za Los Bocucos. Muuzaji mmoja aliniuzia moja akisema ni bolero zake bora. Nilifika nyumbani nikakuta muziki wa kucheza kutoka mwanzo hadi mwisho. Muziki wenyewe mtamu, lakini sicho nilicholipia. Geuza kasha usome mwaka wa kurekodiwa na jina la bendi kabla ya kutoa pesa.

Kwa santuri iliyotumika, ishike kwa ukingo na uilaze upande chini ya taa. Mikwaruzo myembamba isikutishe, ila ile inayonasa ukucha ukiipitishia kidole itarusha sindano, na bolero ina sehemu nyingi za kimya ambako kila mkwaruzo unasikika. Muombe muuzaji aiweke sindano kwenye "Silencio", pale mwanzo, kabla Portuondo hajaingia.