Kupaka Maboga Rangi: Chupa za Apple Barrel, Kalamu za Posca, na Nta Inayowaangusha Wengi

Mwagia maji kidogo kwenye boga lililotoka dukani uone yanavyojikusanya matone matone na kuteleza. Hiyo ni nta ya asili ya ganda, na ndiyo inayofanya rangi ibanduke vipande vipande baada ya wiki moja huku mwenye boga akiilaumu chupa. Rangi nyingi za akriliki zinazouzwa Marekani msimu huu wa kupamba kwa maboga, wa sikukuu za Halloween (Oktoba 31) na Thanksgiving (mwishoni mwa Novemba), zinafaa kwa kazi hii. Tofauti kati yake ipo, ila ni ndogo kuliko tofauti kati ya boga lililoandaliwa na lisiloandaliwa.

Tuanze na ya bei nafuu. Apple Barrel, inayotengenezwa na kampuni ya Plaid, huuzwa katika vichupa vya aunsi 2, yaani mililita 59, na maduka mengi ya Walmart yanavyo. Ni akriliki ya maji: brashi inaoshwa kwa sabuni ya kawaida, harufu ni hafifu, na aina yake ya kawaida hukauka bila mng'ao. Chupa moja inatosha mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, kwenye boga la kipenyo cha sentimita 25 hivi, usipoipaka kwa fujo. Rangi nzito kama nyeusi na buluu ya usiku hufunika vizuri tangu mkono wa pili. Njano, waridi na kijani chepesi ni habari nyingine: rangi ya chungwa ya boga inapenya chini yake, njano inageuka kama embe na waridi inachafuka. Dawa si kuongeza mkono wa nne na wa tano wa njano. Paka kwanza nyeupe mikono miwili, kisha njano juu yake. Au nunua boga jeupe, aina ya Lumina, uokoe chupa nzima ya nyeupe.

FolkArt, ambayo pia ni ya Plaid, ni nzito zaidi na hufunika kwa mikono michache. Kwa boga litakalotupwa mwishoni mwa Novemba, hatuoni sababu ya kuilipia zaidi, isipokuwa kwa rangi za dhahabu na shaba.

Sasa maandalizi. Chagua boga gumu lenye kikonyo kizima, na ubonyeze kitako chake kwa kidole gumba: kikibonyea, liache hapo hapo. Lioshe kwa maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha jiki kwa galoni moja, likaushe kabisa, hasa kwenye mtaro unaozunguka kikonyo ambako maji hujificha. Kisha futa ganda lote kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia. Kwa ganda linalong'aa sana, pitisha msasa laini wa namba 220 kwa mkono mwepesi, ufute vumbi. Usikwaruze hadi ujeruhi ganda, maana kila jeraha ni mlango wa kuoza. Baada ya hapo usilishike kwa viganja vitupu. Mafuta ya mikono yanarudisha tatizo lile lile.

Mkono wa kwanza uwe mwembamba kiasi cha kukukatisha tamaa. Utaonekana na mabaka, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Tumia brashi bapa ya upana wa sentimita 2.5, uvute kutoka kwenye kikonyo kushuka chini ukifuata mbavu za boga. Ukipaka kwa kukata mbavu, rangi hujaa kwenye mitaro, inabaki mbichi ndani wakati juu imeshakauka, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Subiri dakika 20 hadi 30 kabla ya mkono wa pili. Wenye haraka hutumia kikausha nywele. Kiwe kwenye hewa baridi, kwa sababu hewa moto huvimbisha rangi ikatoa malengelenge. Usipake barazani siku ya baridi pia: chini ya nyuzi 10 za Selsiasi akriliki haiungani vizuri, na ukiisugua inatoka kama chokaa.

Kalamu za Posca, yaani kalamu zenye rangi ndani zinazotengenezwa na Mitsubishi Pencil ya Japani, ni za michoro na maandishi, si za kujaza boga zima. Kalamu moja ina gharama ya chupa kadhaa za Apple Barrel, na kufunika boga kwayo ni kazi ya kuchosha mkono. Lakini kwa macho, meno, maua au jina la mtoto, ni vigumu kuzishinda. PC-3M yenye ncha ya milimita 0.9 hadi 1.3 inafaa kwa mistari, na PC-5M ya milimita 1.8 hadi 2.5 kwa herufi kubwa. Itikise ikiwa na kifuniko, kisha bonyeza ncha mara kadhaa kwenye karatasi hadi rangi ishuke. Kamwe usiibonyezee juu ya boga: hutema tone zima, na tone hilo huteremka kwenye ubavu kabla hujashika tishu. Rangi ya chini iwe imekaa angalau saa moja, la sivyo ncha huichimbua na kuziba.

Rangi za watoto zinazoandikwa kuwa zinafulika ziepuke kwa boga la nje. Zimetengenezwa zitoke kwa maji, na umande ni maji.

Mwishoni, vanishi ya kupulizia isiyo na rangi. Subiri usiku mzima, pulizia nje kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mikono miwili myepesi. Ukipulizia siku yenye unyevu mwingi, vanishi hupata ukungu mweupe usiofutika. Kwa boga la ndani hatua hii irukwe. Kwa la barazani ndiyo inayoamua kama michoro itaiona Thanksgiving au itaishia Halloween.

Boga zima lisilochongwa hukaa wiki nyingi, wakati lililochongwa huanza kusinyaa ndani ya siku chache. Liweke juu ya kipande cha mbao au kadibodi nene, si moja kwa moja kwenye saruji yenye unyevu. Usiku wa barafu liingize ndani, kwa sababu maji yaliyomo yakiganda hupasua nyama yake, na asubuhi likiyeyuka linakuwa rojo lililovaa rangi nzuri. Na usilibebe kwa kikonyo; kikikatika, kidonda kilichobaki hakizibwi na rangi yoyote.

Kwa maboga matatu ya ukubwa wa kati, nunua chupa mbili za nyeupe, tatu za rangi uzipendazo, Posca moja nyeusi ya PC-5M na kopo moja la vanishi. Boga lililopakwa haliliwi, si na watu wala na mbuzi wa jirani. Anayetaka la kupika atenge lake mapema, kabla watoto hawajashika brashi.