Rose Hill, Macon: usikimbilie kaburi la Duane Allman kwanza

Wapenzi wa roki wanaofika Macon, jimboni Georgia, wengi hufanya ziara ya aina moja. Wanaingia na gari kwa lango la Riverside Drive, wanafuata ramani ya simu hadi alipozikwa Duane Allman, mpiga gitaa wa The Allman Brothers Band, wanapiga picha, wanaacha kipande cha plastiki cha kupigia gitaa, wanaondoka. Kwa ziara ya namna hiyo, makaburi ya Rose Hill hayana cha ajabu: mawe mawili meupe nyuma ya uzio wa chuma, mteremkoni, na reli ikipita chini yake. Lakini mwenye kutenga nusu siku na kuanzia upande mwingine atakuta mahali ambapo historia ya mji na historia ya bendi zimesukwa pamoja. Na hakuna kiingilio.

The Allman Brothers Band hawakuletwa Rose Hill na mauti tu. Walihamia Macon mwaka 1969 kurekodi na kampuni ya Capricorn ya Phil Walden. Walikuwa vijana wenye vyombo lakini hawana fedha, na makaburi haya yakawa kijiwe chao: walikuja kupumzika, kupiga magitaa na kutunga. Majina ya nyimbo zao mbili yanahusishwa na mawe ya humu, na picha ya nyuma ya albamu yao ya kwanza ilipigwa humu humu. Ndiyo maana anayekwenda moja kwa moja kwa Duane anasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu na kukifunga.

Kwa msomaji wa Kiswahili, wazo la kwenda kutembea makaburini Jumapili linaweza kuonekana utovu wa adabu. Hapa ndivyo palivyokusudiwa tangu mwanzo. Rose Hill ilifunguliwa mwaka 1840, zama ambazo miji ya Marekani ilikuwa ikiiga Mount Auburn, makaburi ya bustani yaliyoanzishwa karibu na Boston mwaka 1831. Bustani za umma zilikuwa adimu, hivyo watu walikwenda makaburini na familia kupunga upepo. Aliyeyapanga ni Simri Rose, mpenzi wa mimea, na ujira wake ulikuwa kujichagulia mahali pa kuzikwa. Aliacha vilima na makorongo yalivyo, akakata njia zinazopindapinda na matuta yaliyozuiwa kwa kuta, yote yakiteremka kuelekea Mto Ocmulgee. Uzuri wa Rose Hill umo humo, na usumbufu wake pia.

Tuanze na usumbufu. Njia za ndani ni nyembamba, zina kona kali na miteremko, na zilipimwa kwa mikokoteni ya farasi. Gari dogo litapita. Gari kubwa la familia likikutana na lingine, mmoja atarudi nyuma akipanda mlima, huku mawe ya watu yakiwa shubiri chache kutoka kwenye bampa. Ni afadhali kuegesha juu, karibu na lango, pasipoziba njia, kisha kushuka kwa miguu. Kumbuka tu kwamba utakachoshuka utakipanda baadaye, pengine jua likiwa kali. Ngazi za mawe na matofali kati ya matuta zimechakaa, nyingine zimelegea, na nyingi hazina pa kushika. Kiti cha magurudumu hakitafika kwa Duane, na kigari cha mtoto kitakutesa. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, si ndara. Majani makavu ya mwaloni hufunika mizizi na kingo za makaburi yaliyotitia, na hapo ndipo watu hutegua vifundo vya miguu.

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 32 na unyevu wa mtoni huzidisha adha. Nenda Machi, Aprili, Oktoba au Novemba. Ukilazimika kiangazi, fika asubuhi mapema ukiwa na angalau lita moja ya maji kwa kila mtu, na umalize haja ndogo kabla ya kuingia. Vichuguu vidogo vya udongo mwekundu nyasini ni vya sisimizi wakali. Ukisimama juu ya kimoja kwa ajili ya picha, watapanda hadi gotini kabla hujahisi mng'ato wa kwanza. Kupe nao wapo kwenye nyasi ndefu, kwa hiyo suruali ndefu ni bora kuliko kaptula.

Sasa njia yenyewe. Anza na mnara wa Joseph Bond, tajiri wa pamba aliyeuawa mwaka 1859. Ni miongoni mwa minara mikubwa kabisa humu, na hapo ndipo bendi ilipopigiwa ile picha ya albamu ya mwaka 1969. Mwenye albamu kwenye simu aifungue papo hapo alinganishe. Kisha ujiulize fedha ya mnara ule ilitoka wapi, maana jibu limo ndani ya makaburi haya haya. Upande wa Oak Ridge ndiko walikozikwa watumwa wa Macon, na mengi ya makaburi yao hayana jiwe wala jina. Wageni wa muziki ni nadra kufika huko. Kwa maoni yetu, ziara isiyopita Oak Ridge haijakamilika, hasa kwa shabiki wa bendi hii: muziki wake ulisimama juu ya muziki wa bluzi (blues) wa watu weusi, na mmoja wa wapiga ngoma wake wawili, Jaimoe, ni Mmarekani mweusi aliyekuwa amepigia wakali wa muziki wa soul kabla ya kukutana na Duane. Baada ya Dickey Betts, mpiga gitaa mwenzake Duane, kufariki Aprili 2024, Jaimoe ndiye aliyebaki kati ya waasisi sita.

Betts ndiye anayetupeleka kituo kinachofuata. Jiwe la Elizabeth Reed Napier, aliyezaliwa mwaka 1845 na kufariki 1935, si la kuvutia. Utalipita mara mbili usilione. Betts alikuwa na muziki usio na maneno aliomtungia mwanamke ambaye hakutaka kumtaja hadharani, basi akaazima jina la jiweni, na wimbo ukatoka mwaka 1970 kama “In Memory of Elizabeth Reed”. Mama wa watu hakuwa na habari na gitaa la umeme, leo jina lake linajulikana kuliko la magavana waliolala humu.

Martha Ellis ni tofauti, huyu utamwona. Alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 12, na juu ya kaburi lake imesimama sanamu ya binti. Jina lake linahusishwa na “Little Martha”, kipande kifupi cha magitaa ambacho Duane alikirekodi Oktoba 1971, wiki chache kabla ya kifo chake. Wanaojua zaidi huongeza kwamba Martha lilikuwa pia jina la utani la mpenzi wa Duane wakati huo, kwa hiyo usibishane na mtu hapo kaburini. Wote wawili wana hoja.

Hapo ndipo uteremke Carnation Ridge, alikozikwa Duane. Duane alifariki tarehe 29 Oktoba 1971, pikipiki yake ilipopata ajali na lori kwenye makutano ya Hillcrest na Bartlett hapa hapa mjini. Mpiga besi Berry Oakley alifariki tarehe 11 Novemba 1972: aligonga basi kwa pikipiki, mitaa mitatu tu kutoka pale, akakataa kwenda hospitali na akafa saa chache baadaye. Wote walikuwa na miaka 24, na wamelala ubavu kwa ubavu. Soma mawe taratibu. Gitaa limechongwa kwa mmoja na besi kwa mwingine. Gregg Allman, mwimbaji na mpiga kinanda, aliletwa jirani nao tarehe 3 Juni 2017, huku watu wakijipanga barabarani na Rais mstaafu Jimmy Carter akiwa miongoni mwa waombolezaji.

Uzio uliopo si wa mapambo. Mashabiki wameumiza mahali hapa kwa mapenzi: kukaa juu ya mawe, kuchora, kubeba vitu. Usiuruke, na fikiria unachoacha. Marumaru kwa asili ni chokaa, na asidi huitafuna, hivyo bia, mvinyo na soda inayomwagwa “kwa ajili ya marehemu” huacha doa na kukwaruza uso kidogo kidogo. Sarafu za shaba huacha rangi ya kijani baada ya mvua kadhaa. Nyuzi za gitaa za chuma, ambazo ndizo zawadi inayopendwa, hushika kutu na kutu huingia kwenye vitundu vya jiwe. Nta ya mshumaa nayo haitoki kirahisi. Kipande cha plastiki cha kupigia gitaa hakina madhara hayo ukikiweka chini, si juu ya jiwe. Ua moja lisilo na plastiki wala waya ndilo bora.

Wapo pia wanaokuja na nia njema na brashi. Dawa ya klorini ya kufulia ni marufuku kabisa kwenye jiwe la kale: chumvi hubaki ndani, zikikauka hutanuka na kubandua uso. Brashi ya waya na mashine ya maji ya kasi ni vivyo hivyo. Hata kusugua karatasi na mkaa juu ya maandishi kunaweza kuangusha herufi ikiwa uso umeshakuwa wa chengachenga kama sukari. Maandishi yakiwa hayasomeki, washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa jiwe karibu kabisa na uso wake, na mwenzako apige picha kutoka mbele: vivuli vitaingia kwenye mikato na herufi zitasimama. Saa sita mchana jua hupiga marumaru nyeupe na picha huungua. Baada ya saa kumi jioni mwanga hulala na michongo huonekana vizuri.

Kama tarehe zako zinaruhusu, fuata matembezi yanayoongozwa na Historic Macon Foundation, yaitwayo Rose Hill Rambles, ambayo kwa kawaida hufanyika baadhi ya Jumapili za alasiri katika msimu wa kuchipua na wa vuli. Mada hubadilika, na mara nyingi si ya muziki, jambo ambalo ndilo linalotufanya tuyapendekeze: utasikia habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, takriban 600, waliopangwa safu kwa safu, na za wafanyabiashara na madaktari ambao ramani za mashabiki haziwagusi. Angalia ratiba kabla ya kusafiri na usimame karibu na kiongozi, kwa sababu treni ikipita hakuna kinachosikika.

Waswahili wa Atlanta na Clarkston wako jirani. Ni kilomita kama 135 kwa barabara kuu ya 75, saa moja na nusu pasipo foleni. Unganisha safari na The Big House, nyumba namba 2321 Vineville Avenue, ambako bendi na familia zao waliishi kuanzia 1970 hadi 1973 na ambayo sasa ni makumbusho yao. Huko kuna kiingilio na hapafunguliwi kila siku, basi panga siku kwa kufuata makumbusho, si makaburi. Tukilazimishwa kutoa nyota, Rose Hill ni nne kati ya tano. Moja tumeinyima kwa ajili ya ngazi na vibao haba. Wenye magoti mabovu wahesabu tatu, wabaki matuta ya juu, na waachie vijana Carnation Ridge.