Programu ya dizaini kwa duka la kadi Arusha na Moshi: ipi inaelewana na akili mnemba?

Mwenye duka la uchapaji Arusha au Moshi anaijua Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, harusi, sendofu na vipaimara vinafuatana, na kila kamati inatuma WhatsApp orodha ndefu ya majina, nusu dabo nusu singo, inataka kadi keshokutwa. Kazi ya kubandika majina hayo moja moja ndiyo watu sasa wanataka kumwachia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotekeleza kazi yenyewe ukiiagiza. Tatizo ni kwamba wakala haijui programu yako kwa mazoea kama fundi aliyekaa nayo miaka. Anategemea maelekezo yaliyoandikwa. Kwa hiyo kabla hujalipia programu, soma nyaraka zake za kiufundi kwanza. Uzuri wa templeti utauona baadaye.

Ninachoangalia ni hiki: nyaraka zifunguke bila kujisajili, ziwe maandishi na si video, mifano yake ifanye kazi ukiinakili, na ziseme wazi ni za toleo lipi. Hilo la mwisho ndilo linaloziangusha nyingi.

Namba moja naipa Inkscape, na si kwa sababu ni ya bure tu. Faili lake ni SVG, muundo wa wazi wa michoro uliowekwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, yaani ni maandishi matupu: wakala anaweza kulifungua na kubadilisha jina la mwalikwa bila hata kuiwasha programu. Ukiandika `inkscape --action-list` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta), programu yenyewe inakumwagia orodha ya amri zake, zile zilizomo kwenye toleo ulilonalo. Hapo wakala hana haja ya kubahatisha. Akiachwa abahatishe, atakuandikia `--export-png`, amri iliyopitwa na wakati tangu toleo 1.0 lilipotoka Mei 2020, na nafasi yake kuchukuliwa na `--export-filename`. Mafunzo ya zamani bado yamejaa mtandaoni na yeye amelishwa hayo hayo. Mtajie toleo lako mapema.

Halafu kuna "Bw & Bi Massawe". Ndani ya SVG alama ya & haikai peke yake, lazima iandikwe `&`, la sivyo faili zima linagoma kufunguka. Kadi za singo zitatoka safi, za dabo zote zitakwama, na usipojua sababu utailaumu printa. Kanuni hiyo imeandikwa wazi kwenye XML, lugha ambayo SVG imejengwa juu yake, kwa hiyo wakala anayesoma nyaraka hairuki. Udhaifu wa Inkscape ni rangi za CMYK, zile nne za wino wa uchapaji. Kwa kazi inayodai rangi kamili, malizia kwenye Scribus, nayo ya bure, inayopokea skripti (amri zilizoandikwa mapema) za lugha ya Python.

Figma ningeiweka juu kama shindano lingekuwa la uandishi wa nyaraka peke yake. API yake ya REST, yaani mlango ambao programu nyingine huifikia kupitia mtandao, ina maelezo ya OpenAPI ambayo mashine inayasoma moja kwa moja, programu-jalizi (vijiprogramu vinavyoongezwa ndani yake) zina faili la aina za data, na tangu 2025 ina seva ya MCP, itifaki ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024 ili kuunganisha mawakala na programu nyingine. Lakini API hiyo ya REST kwa sehemu kubwa husoma tu; kuchora ni kazi ya programu-jalizi. Tena imetengenezwa kwa ajili ya skrini, si karatasi. Kama unatengenezea kampuni za safari tovuti, anza nayo. Asiyetaka kulipa ajaribu Penpot, ambayo msimbo wake uko wazi na unaweza kuiweka kwenye seva yako.

Illustrator ya Adobe ni ya tatu, na inaniuma, maana kwa rangi za uchapaji imekamilika. Skripti zake zinaandikwa kwa ExtendScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript ya kiwango cha 1999. Wakala anaandika `let` na `forEach` kama ilivyo kawaida siku hizi, programu inakataa, anaomba radhi, anaandika vilevile tena. Dawa ni kumwekea sharti mwanzoni kabisa: ES3 tu (ndicho kiwango hicho cha 1999), tumia `var` na `for`. Ukishafanya hivyo kazi inakwenda.

Canva wateja wanaipenda, na nyaraka zake za watengenezaji zinasomeka vizuri. Ukizisoma hadi chini ndipo unakuta kwamba kujaza templeti kupitia API kumewekwa kwa wenye mpango wa Enterprise, ule wa makampuni makubwa. Hiyo si bei ya duka la stendi.

CorelDRAW ni ya mwisho, na najua mafundi wa mabango watanirukia. Makro za VBA, yaani amri za kuiendesha yenyewe, inazo na zina nguvu, ila mifano ni michache na imetawanyika, na wakala hukosea majina ya vitu kila mara. Kama fundi wako anaijua, mwache aendelee nayo kwa mkono.

Kabla ya kulipa, mpe wakala majina kumi, likiwemo la "Bw & Bi" na moja lenye ng', kwa sababu kile kikoma cha juu huvunja skripti iliyoandikwa ovyo. Illustrator inakupa siku 7 za majaribio, CorelDRAW 15. Usizianze mpaka kamati iwe imeleta orodha.