Gambuti za S5 maduarani: tazama upana kabla ya namba

Gambuti hizi ni za mpira, zina chuma mbele na bamba la chuma ndani ya soli, na zimegongwa EN ISO 20345 S5 (kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama; S5 ni daraja la gambuti za aina hii). Nimezivaa miezi minane kwenye maduara ya dhahabu (mashimo ya wachimbaji wadogo) huku Ruangwa, Lindi, kiangazi na masika. Kwa maji na tope sina lawama, halipenyi hata tone.

Lawama yangu ni upana. Namba 42 inakuambia urefu tu. Buti ya ngozi ikibana, ngozi hulegea kadiri unavyoivaa, lakini chuma cha mbele hakitanuki. Kidole kidogo kikikigusa dukani, kitakigusa mpaka kiote sugu. Wengi wakibanwa hivyo huruka namba mbili juu. Upana wanaupata, kisigino kinapwaya. Ukishuka duara, unyayo unateleza mbele na kucha ya kidole gumba inavilia damu; ukipanda, kisigino kinanyanyuka na kutoka malengelenge. Vidole navyo hujikunja muda wote kuizuia buti isichomoke, ndiyo maana jioni nyayo na mashavu ya miguu vinauma hata siku ambayo hukubeba viroba vingi.

Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umeshavimba, na soksi nene za kazini. Chomoa soli ya ndani uisimamie: unyayo ukizidi pembeni, achana na buti hiyo hata kama urefu umekaa sawa. Ukitosha, irudishe soli ndani ya buti, vaa, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono, visiingie viwili. Pima miguu yote, ununue kwa ule mkubwa, kisha mdogo uongezee soli ya ndani. Magazeti hayafai, yakilowa yanafanya mabonge.

Gambuti haina kamba, kwa hiyo haishiki kifundo. Kwa anayeshinda kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) au juu ya mawe yanayobiringika, afadhali buti ya ngozi ya kamba, ya daraja la S3. Mimi gambuti naziona za Desemba hadi Aprili, maduara yanapojaa maji.

Jasho halina pa kutokea, hivyo beba soksi za kubadilisha mchana, na kila jioni toa soli ya ndani ikauke kivulini. Ukizianika juani au karibu na moto, mpira hukakamaa na kupasuka pale vidole vinapokunjia.