Fresco kwa berili-11: nyepesi, ya bure, na haikwambii ukikosea

Fresco, programu ya kompyuta ya mwanafizikia Ian Thompson, ilitungwa kwa hesabu za migongano ya viini vya atomu, lakini kwa mwanafunzi wa fizikia aliyepo Tunguu au Chake Chake ni mlango mzuri wa kuingilia modeli za viini vyenye halo, yaani vile ambavyo nyutroni moja au mbili huelea mbali na sehemu ya katikati. Haidai kompyuta kubwa. Mpakato wa kawaida wenye Linux na gfortran (kitafsiri cha lugha ya Fortran) unatosha, bando linaliwa siku ya kupakua tu, na hesabu ya hali moja iliyofungwa huisha kabla umeme haujakatika.

Anza na berili-11: berili-10 katikati na nyutroni moja pembeni, iliyoshikiliwa kwa MeV 0.502 tu. Kwenye &OVERLAP, sehemu ya faili la maagizo inayoeleza hali iliyofungwa, andika nn=2, l=0, sn=0.5, j=0.5, be=0.502, isc=1: nn ni idadi ya nodi (pale wimbi linapokuwa sifuri), l ni mzunguko wa nyutroni, sn ni spini yake, j ni jumla ya hivyo viwili, na be ni nishati ya kufunga. Hiyo isc=1 huiamuru programu irekebishe yenyewe kina cha potensheli ya Woods-Saxon (kisima cha nguvu kinachoishika nyutroni) mpaka nishati itimie. Usiweke nn=1: Fresco huhesabu pia nodi iliyopo kwenye kitovu.

Mtego mbaya upo kwenye &POT, sehemu inayoeleza potensheli. Nusukipenyo cha potensheli ni r0 mara jumla ya vipeuo vya tatu vya ap na at, namba za uzito za viini viwili. Ukiandika ap=1 na at=10, kwa r0=1.25 unapata femtomita 3.94 badala ya 2.69. Programu hainung'uniki, inapunguza kina na kukupa jibu safi lisilo la kweli. Weka ap=0.

Halafu rmatch, umbali ambao wimbi linahesabiwa hadi hapo. Kwa nishati ndogo namna hii, mkia wa wimbi hushuka kwa kipimo cha femtomita 6.7 hivi, kwa hiyo ukiukata kwenye 20 nishati itatoka sawa lakini halo itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Weka 60, muda unaoongezeka hauhisiki.

Udhaifu wake? Mwongozo ni mzito, wa kusoma na kalamu mkononi. Tena, modeli ya kiini kigumu na nyutroni moja haielezi kwa nini hali ya 1/2+ (nyutroni kwenye wimbi s, l=0) iko chini ya 1/2− (wimbi p, l=1) kwa MeV 0.32. Itabidi uipe s kina chake na p kina chake, yaani kiraka. Na kwa lithi-11, yaani lithi-9 na nyutroni mbili, usijisumbue nayo: lithi-10 haifungiki, nyutroni mbili peke yao hazifungiki, kwa hiyo unahitaji programu ya miili mitatu, kama FaCE.